Miezi sita na seti ya kuoteshea vipandikizi: koleusi zangu zilivyovuka baridi

Nimeipa seti hii nyota tatu, na zote tatu ni za taa. Naanza hivyo ili mwenye haraka aendelee na shughuli zake. Ndani ya boksi vilikuja vitu vinne: trei ya plastiki ya vishimo 24 yenye mfuniko angavu, mkeka wa umeme wa kupasha udongo joto, kikopo cha unga wa homoni ya kuotesha mizizi, na taa ya LED ya wati 20 yenye shingo ya kupinda na kibanio cha kushika ukingo wa meza. Nimevitumia kuanzia wiki mbili kabla ya baridi kuingia hadi siku mimea iliporudi nje. Maoni niliyoyasoma kabla ya kununua yaliandikwa na watu waliokaa na seti kwa wiki tatu, wakaona mizizi, wakashangilia. Koleusi kutoa mizizi si jambo la kushangilia. Hata ukilisahau tawi lake kwenye glasi ya maji, litatoa. Kazi inaanza baada ya hapo, na huko ndiko nilikotaka kuona pesa yangu imekwenda wapi.

Kwa asiyeujua mmea wenyewe: koleusi (si koleo la mhunzi, ingawa masikio yanadanganya) hupandwa kwa ajili ya majani, siyo maua. Ni damu ya mzee, ni njano, ni zambarau, ni waridi, mara nyingine rangi zote hizo kwenye jani moja. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki hadi Australia. Ukilishika shina utahisi pembe nne, kama la mrehani au mnanaa, maana ni ukoo mmoja. Jina limewasumbua hata wataalamu. Kijikaratasi cha seti kimeandika Solenostemon, vitabu vya zamani vinasema Coleus blumei, na tangu 2019 wengi wamerudi kwenye Coleus, yaani Coleus scutellarioides. Neno lenyewe linatokana na Kigiriki, lina maana ya ala, kama ala ya kisu, kwa sababu ndani ya ua vile vijiti vya stameni (sehemu za kiume za ua) vimeungana vikafanya kifuko. Nimekaa na mmea huu miaka na sikuwahi kuchungulia ndani ya ua lake, kwa kuwa kila nikiona kichomozo cha ua nakikata.

Kule kusikokuwa na baridi huishi mwaka baada ya mwaka. Kwenye baridi ni wa msimu mmoja tu: joto likishuka chini ya nyuzi 10 hulegea na kudondosha majani, na usiku mmoja wa jalidi unatosha kuugeuza mweusi. Mbegu zipo na ni rahisi, ila ni bahati nasibu, kwani mche wa mbegu haulazimiki kufanana na mama yake. Mimi nina koleusi moja ya damu ya mzee yenye pindo la kijani changa, na niliitaka hiyo hiyo, siyo binamu yake. Kwa hiyo ni vipandikizi. (Angalia kitambulisho cha mmea kwanza. Baadhi ya aina mpya zina hataza na pameandikwa wazi kwamba hairuhusiwi kuzizalisha. Yangu haikuwa na katazo hilo.)

Nilikata ncha 30 za sentimita 10 hivi, kila moja chini kidogo ya kifundo, pale majani mawili yanapokutana na shina. Majani ya chini nikayatoa, na yale makubwa ya juu nikayapunguza nusu kwa mkasi, maana tawi lisilo na mizizi hupoteza maji kuliko linavyoweza kunywa. Ncha 12 nilizichovya kwenye unga, 12 sikuzichovya, zote 24 zikaingia kwenye trei yenye mchanganyiko wa vumbi la makumbi ya nazi na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za kulegeza udongo). Sita zilizobaki nilizitia kwenye glasi za maji dirishani, kwa sababu ndivyo nilivyofanya miaka yote kabla sijauziwa boksi.

Za glasi zilionyesha vijizizi vyeupe siku ya sita. Za kwenye trei nilianza kuzijaribu siku ya kumi: unalivuta tawi kidogo sana, likikataa limeshika. Zilizopakwa unga zilishika, zisizopakwa nazo zilishika, na baada ya wiki tatu nilipozitoa sikuweza kutofautisha mizizi ya huku na ya kule. Unga haukudhuru chochote. Haukusaidia chochote pia. Homoni hizi zina faida kwa mimea yenye miti migumu inayojivuta kutoa mizizi, mfano waridi, lakini kwa koleusi ni kumpa mbio mtu ambaye tayari anakimbia. Kikopo bado kimejaa na sijui nitakifanyia nini.

Mkeka ndio ulionikasirisha. Hauna kidhibiti joto. Ukiuchomeka unawaka, ukiuchomoa unazima, basi. Maelekezo yanasema uweke trei juu yake, ufunike, uache. Nikatii. Chumba changu kilikuwa na nyuzi 21, joto ambalo koleusi halihitaji nyongeza yake, na siku ya nne nilipochomeka kipimajoto kwenye udongo kilisoma 31. Mfuniko ulikuwa unatiririka jasho. Siku ya nane mashina matano yalikuwa meusi na laini kuanzia chini kwenda juu, kama yamechemshwa: matatu ya upande wa unga, mawili ya upande usio na unga. Hiyo ni kuoza, na haina dawa. Unang'oa na kutupa kabla haijawafikia majirani. Nilichomoa mkeka, nikaegemeza mfuniko kwenye penseli ili hewa ipite, na baada ya hapo sikupoteza hata kimoja. Nilipomwandikia muuzaji, alinijibu kwamba kidhibiti joto kinauzwa peke yake. Sawa, lakini hilo lingeandikwa juu ya boksi.

Vya kwenye glasi nilivihamishia udongoni mizizi ilipofika sentimita 3. Usingoje zaidi. Mizizi iliyozoea maji hukatika kirahisi, na ikishakuwa ndefu kama ndevu mmea hununa wiki nzima ukiuhamisha. Wakati huo nilikuwa na mimea 25 kwenye vyungu vidogo vya sentimita 7.

Sasa taa. Ina rangi tatu: nyeupe, zambarau, na mchanganyiko wa mbili hizo. Matangazo yote yanapigwa kwa ile ya zambarau, eti ndiyo ya kisayansi. Mimi niliitumia siku mbili nikaiacha. Chini yake majani yote yanakuwa meusi, hujui kama mmea umesinyaa, umetoboka, au una wadudu. Nyeupe inatosha mmea na inakutosha wewe. Niliiweka sentimita 20 juu ya ncha, nikawa naipandisha kadiri mimea inavyorefuka.

Ili nisijidanganye nilitenga mimea minne, nikaiweka dirishani bila taa. Tofauti haikuhitaji rula, ingawa nilipima. Wiki ya sita, umbali kati ya kifundo na kifundo kwa zile za dirishani ulikuwa karibu sentimita 7, kwa zile za chini ya taa sentimita 2. Lakini kilichonigusa zaidi ni rangi. Ule wekundu wa koleusi unatokana na anthosiani, rangi ya asili iliyomo ndani ya jani, na mmea huitengeneza vizuri ukipata mwanga wa kutosha. Mwanga ukipungua mmea hujali klorofili kwanza. Damu ya mzee yangu ya dirishani ikawa kama kitambaa kilichofuliwa mara mia, kijani kinapenya katikati, pindo halionekani. Mbili kati ya hizo nne zilikufa kabla ya mwezi wa tatu, nadhani kwa sababu ya kioo chenyewe, maana usiku jani lililogusana nacho asubuhi lilikuwa na baka la kahawia. Hilo baka lilinitia hofu isiyo na sababu. Kuna ugonjwa wa ubwiri unyoya unaoshika koleusi, ulioonekana Marekani mwaka 2005, nao pia huanza kwa mabaka ya kahawia. Nikageuza kila jani nikitafuta ukungu wa kijivu upande wa chini. Hapakuwa na kitu. Ni baridi tu.

Kwa hiyo taa inafanya kazi iliyonunuliwa. Ila ina kasoro mbili ambazo zimeinyima nyota nyingine. Kwanza, saa yake ya kujizima ina chaguo la saa 4, 8 au 12, wakati mimi nilitaka 14 kwa sababu chumba kina giza. Nimeishi na 12. Pili, na hili ni baya zaidi, umeme ukikatika hata kwa sekunde moja inasahau kila kitu, na ukirudi haiwaki mpaka uibonyeze mwenyewe. Nilidhani nitaikwepa kasoro hiyo kwa plagi yenye taima. Wapi, plagi inaleta umeme, taa inasubiri kidole. Nilisafiri siku nne, umeme ulicheza siku ya kwanza, nikarudi nikakuta mimea 21 gizani imeelekeza shingo zote dirishani kama watu wanaosubiri gari. Haikufa. Lakini mtu anayesafiri wiki mbili asiitegemee.

Kosa la vidung'ata (wadudu wadogo wanaofyonza mimea) ni langu, silibandiki kwenye seti. Kwa huruma nilimwingiza ndani na mama mmea, baada ya kumkata hadi theluthi moja, nikamweka pembeni ya trei. Wiki ya tatu alikuwa amedondosha majani karibu yote, na kwenye makwapa ya majani yaliyobaki palikuwa na vijipamba vyeupe. Vidung'ata. Nilivipangusa kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti, nikarudia kila baada ya siku tano, nikapulizia sabuni ya kuulia wadudu chini ya majani (jaribu jani moja kwanza usubiri siku mbili, majani ya koleusi huungua). Mimea minne midogo ilikuwa imeshaambukizwa mno, nikaitupa pamoja na mama yao. Mtu anayeniuliza kama ahifadhi mmea mzima au vipandikizi, namwambia vipandikizi, tena vikague chini ya mwanga mweupe kabla havijavuka mlango. Mmea mkubwa unakula nafasi, unakuja na wageni, na kufikia majira ya joto umebaki fimbo.

Kuhusu maji sina mengi. Chini ya taa, kwenye chumba chenye hita, nilimwagilia mara mbili kwa wiki, nikitanguliza kidole: juu kukiwa kukavu kiasi cha pingili moja ya kidole, mwagilia, kama bado kuna unyevu, acha. Nilipozidisha vilitokea vijidudu vyeusi vinavyoruka juu ya udongo, vikanasa kwenye karatasi za manjano zenye gundi, nikapunguza maji vikaisha. Mbolea nilitia mara moja tu, nusu ya kipimo, siku zilipoanza kurefuka.

Ncha nilizikata kila mwezi juu ya kifundo, matawi mawili yakatokea pale palipokuwa na moja. Ncha zenyewe zilirudi kwenye glasi, hivyo katikati ya baridi nilikuwa natafuta watu wa kuwapa. Tawi moja lilitoka kijani tupu, bila damu ya mzee hata chembe. Hilo nilikata hadi lilipoanzia, kwa sababu tawi la kijani lina nguvu kuliko mengine na ukiliachia litautawala mmea wote.

Mimea 19 kati ya 30 ilitoka nje usiku ulipoacha kushuka chini ya nyuzi 13. Niliizoesha siku kumi: saa moja kivulini siku ya kwanza, saa mbili ya pili, ikilala ndani hadi mwisho. Miwili niliyoiharakisha juani siku ya tatu ilipauka majani yote ya juu, ikapoteza wiki mbili.

Trei imepasuka kona lakini inashika maji bado. Mkeka nimempa jirani anayeotesha pilipili hoho kwa mbegu kwenye gereji yenye baridi. Juzi aliniita nikaone: zote zimechipua, na anauliza nimenunua wapi.