Pampu ya kunyonya oil: nimeijaribu kwa Mazda CX-5 ya dizeli hapa Malindi

Asalaam aleikum watu wangu, karibuni tena. Leo niko nyumbani, huku Maweni, Malindi, na hii mnayoiona mkononi ni pampu ya mkono ya kunyonya oil. Ina tangi la lita 6, mpini wa juu unausukuma na kuuvuta kama pampu ya baiskeli, na imekuja na mirija mitatu ya plastiki, mwembamba, wa kati na mnene. Niliinunua 6,500 na nimeshaitumia mara tatu kabla ya kuwasha kamera, manake sitaki kuwasifia kitu nilichokishika jana.

Kwanza niwaambie kwa nini niliitafuta. Hebu angalieni hapa chini. Mchanga. Kiwanja chetu chote ni mchanga wa pwani, mwororo, ukiweka jeki inazama. Mwaka jana nikaweka mbao chini ya jeki, gari ikanyanyuka vizuri kabisa, nikalala nikiwa tayari kujisukuma ndani nikasikia ile mbao imelia kraa, jeki ikalala upande na gari ikashuka yote kwa mpigo mmoja. Kichwa changu kilikuwa bado nje. Alhamdulillahi. Toka siku ile mke wangu hataki hata kuniona na jeki mkononi, na ana haki.

Sasa utasema peleka gereji. Nilipeleka. Fundi ni mtu mzuri, Probox anazijua kama kiganja chake, lakini gari yangu akaitilia 15W-40 ya CI-4, oil ya malori, kwa sababu kwake yeye dizeli ni dizeli. Ndugu zangu, hapo ndipo wengi wetu tunaumia na hizi CX-5 za dizeli kutoka Japani. Hii gari ina DPF, ile filta ya kwenye ekzosi inayoshika masizi. Masizi yakijaa injini inayachoma yenyewe, joto linapanda mpaka kama digrii 600 hivi, yanaisha. Lakini oil nayo inaungua kidogo kidogo ndani ya injini, na zile dawa zake zina madini, madini yakiungua yanaacha jivu, na jivu halichomeki tena, linakaa mle mle DPF mpaka inaziba. Kwa hivo unatafuta oil yenye jivu kidogo. Geuza kibuyu, soma nyuma: kama imeandikwa DL-1, au ACEA C3 ambayo jivu lake halizidi asilimia 0.8, na unene ni 5W-30, hiyo ni yako. Lori kuukuu lisilo na DPF lipe hiyo CI-4 yake, wala si oil mbaya, ni ya nyumba nyingine tu. Babu yangu alikuwa nahodha, na alikuwa akisema mbao za juu za jahazi hupakwa sifa, yale mafuta ya samaki, na za chini ya maji hupakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, ukibadilisha umeharibu chombo. Ndiyo hivo hivo.

Haya, tuje kwa pampu. Sogeza kamera hapa. Hii ndiyo dipstiki, kile kijiti cha kupimia oil. Mnaona alama ya chini, alama ya juu, halafu juu yake kabisa kuna X? Wengi hawaijui hii X. Ile injini ikitaka kuchoma masizi inamwaga dizeli ya ziada, na ukiizima katikati ya kazi, dizeli nyingine inateremka kwenye kuta za silinda mpaka ndani ya oil. Sasa mimi safari zangu ni soko, msikiti, shule ya watoto, kilomita mbili tatu, injini haijapata hata joto nishafika. Kwa hivo oil badala ya kupungua inapanda! Mtu anaona imepanda anafurahi ati injini haili oil, kumbe imechanganyika na dizeli, imekuwa nyepesi kama maji ya wali na haishiki tena vyuma wala turbo. Ikikaribia X usingoje kilomita zifike, imwage. Na ukiweza, mara moja moja ipeleke gari safari, hata Mombasa na kurudi, ile barabara ndefu inaipa nafasi ya kumaliza kuchoma.

Nimeendesha dakika kumi, nimezima, nimengoja kidogo. Oil iwe vuguvugu, isiwe ya moto sana manake huu mrija unalegea kama tambi, na isiwe baridi manake utapampu mpaka bega likuume. Natoa dipstiki, naingiza mrija wa kati kwa tundu lile lile, naushusha taratibu… hapo, nimesikia umegonga chini, naunyanyua kidogo tu. Napampu mara kumi na tano, halafu naacha, inanyonya yenyewe. Ile! Mnaona inavyopita? Nyeusi tititi. Msiogope weusi, oil ya dizeli inakuwa nyeusi ndani ya siku mbili tatu tu, ni masizi, kazi yake ni kuyabeba. Mimi nanusa. Hii inanuka dizeli waziwazi, ndiyo ile niliyowaambia.

Imechukua dakika 14 mpaka ikaanza kuvuta hewa. Tangi linasoma lita 5.2. Service iliyopita niliweka lita 5.1 pamoja na filta ya oil, na filta hiyo bado ina yake humo ndani, kwa hivo piga hesabu, kuna kama nusu lita ambayo mimi sikuitia. Ni dizeli hiyo.

Swali ninaloulizwa sana ni kama pampu inaacha uchafu chini. Mara ya kwanza nililipima hilo. Nilienda dukani kwa ami yangu, kuna sakafu ya simiti, nikapandisha gari juu ya rampu, nikanyonya mpaka hewa, halafu nikafungua nati ya sampu, lile bakuli la oil chini ya injini. Kilichotoka kilijaza vikombe viwili vya kahawa, hivi vyetu vidogo visivyo na mkono. Kwangu mimi hiyo ni kidogo sana, siwezi kuhatarisha shingo kwa vikombe viwili.

Lakini hapa niwe mkweli. Filta ya oil ya gari hii iko chini, nyuma ya kava ya plastiki, pampu haiifikii hata ufanyeje. Kwa hivo service kamili bado naenda kwenye simiti ya ami, nafungua filta, naangalia kama mpira wa ile ya zamani haukubaki umeganda kwenye injini, naipaka mpya oil kwenye mpira wake, naikaza kwa mkono tu. Pampu naitumia katikati, oil ikipanda karibu na X, naitoa hapa hapa kwenye mchanga, naweka mpya. Wenye Mercedes nyingi za dizeli filta yenu iko juu, nyinyi mtamaliza kila kitu mkiwa mmesimama, kwenu hii pampu ni ya kununua leo. Kama gari yako filta iko chini na una shimo au simiti nzuri, hela yako weka kwenye oil bora kwanza.

Ubaya wake: klipu ya kubana mrija kwenye tangi ni nyepesi, mara ya pili ilichomoka na ikanimwagia sandali. Nimeifunga kwa waya. Na mrija ule mwembamba sijaona kazi yake kwa gari, labda pikipiki.

Oil chafu naimimina kwenye kibuyu hiki, nakirudisha petroli stesheni, wana pipa. Tafadhalini jamani msiimwage mchangani. Kisima chetu kiko pale kwenye mnazi, hatua ishirini, na mchanga hauzuii kitu, inashuka moja kwa moja kwa maji tunayotawadhia, na ng'ambo ya pale ni bahari, hifadhi ya tangu 1968, matumbawe na samaki tunaowala wenyewe.

Sasa natia mpya, lita nne na nusu kwanza, kidogo kidogo kwa faneli. Nawasha dakika mbili… nazima… nangoja ishuke. Hebu tuone. Nafuta, narudisha, natoa. Hapo, chini kidogo ya alama ya juu, rangi ya asali. Msisahau kuriseti oil kwa kompyuta ya gari, kitabu chake kinaonyesha vipi, bila hivyo itaendelea kuhesabu oil ya zamani. Na hapa kwenye bonet nabandika tepu, naandika tarehe na kilomita: 118,460.