CiviCRM mezani kwa mkuu wa mahusiano na wafadhili

Wauza programu za wafadhili hupenda kuzungumzia pesa zitakazoingia. Mkuu wa mahusiano na wafadhili hushughulika na kinachofuata pesa zikishaingia: nani ametoa, ameshukuriwa lini, aliahidiwa taarifa gani, na yuko wapi yule aliyetoa mwaka jana akanyamaza mwaka huu. CiviCRM inapimwa hapa kwa maswali hayo tu. Matukio na uanachama vimewekwa kando, ingawa navyo vimo ndani yake.

Kwanza, ni kitu gani. CiviCRM ni programu huria ya kutunza rekodi za wafadhili na wadau wengine wa asasi, iliyokuwapo tangu 2005, yenye leseni ya AGPL, inayotumia PHP na hifadhidata ya MySQL au MariaDB. Huwekwa ndani ya tovuti ya WordPress, Drupal, Joomla au Backdrop, na matoleo ya karibuni yanaweza pia kusimama yenyewe bila tovuti. Hakuna ada ya leseni, wala hakuna anayehesabu mna watumiaji wangapi au majina mangapi. Lakini seva inalipiwa, na mtu wa kuitunza analipwa. Toleo jipya hutoka kila mwezi, na mengine hubeba viraka vya usalama visivyofaa kuahirishwa. Asasi isiyo na fundi hata wa saa chache kwa mwezi inaweza kuishia kusoma hapa, ikatafute huduma ya kulipia.

Kinachoipa CiviCRM nafasi kwenye meza hii ni sehemu ndogo ambayo wengi huipita bila kuiona. Kila rekodi ya mchango ina tarehe tatu: ya kupokea pesa, ya kutuma risiti, na ya kutuma shukrani. Hizo mbili za mwisho hazichanganywi. Mtu akichangia kwenye fomu ya mtandaoni, mfumo humtumia risiti na kujaza tarehe ya risiti. Ya shukrani hubaki wazi. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu risiti ya mashine ni karatasi ya hesabu, mfadhili hajaambiwa asante bado. Kwa kutumia SearchKit (zana ya utafutaji iliyomo ndani ya CiviCRM) tengeneza orodha yenye masharti matatu: mchango umekamilika, tarehe ya kupokea imepita siku mbili, tarehe ya shukrani ni tupu. Iweke kwenye ukurasa wa kwanza wa kila mtumishi wa kitengo. Orodha hiyo ikiwa na majina 40 asubuhi ya Jumatatu, hakuna haja ya kikao cha kuulizana kazi imekwama wapi.

Barua zenyewe hutoka hapo hapo. Chagua michango, chagua kazi ya barua za shukrani, chagua kiolezo, chapisha au tuma kwa barua pepe. Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kusahau kuweka tiki kwenye kisanduku cha kusasisha tarehe ya shukrani: barua zinakwenda, orodha inabaki ile ile, na wiki inayofuata mwenzako anazituma upya. La pili ni kutopanga barua kwa jina la mtu. Mfadhili aliyetoa mara nne ndani ya mwezi atapata barua nne zinazofanana, na hapo ataelewa kwamba hakuna aliyemwandikia. Chaguo la kuunganisha michango ya mtu mmoja katika barua moja lipo. Kiolezo chako tu kiandaliwe kuonyesha michango zaidi ya mmoja.

Maamkizi yanahitaji kushughulikiwa kabla ya barua ya kwanza. Mfumo unakuja na maamkizi ya Kiingereza yanayofuatwa na jina la kwanza. Kwa msomaji wa Kiswahili, kumwita mzee kwa jina la kwanza ni utovu wa adabu, na pale jina la kwanza halikuandikwa, barua huanza na neno moja na nafasi tupu. Tengeneza muundo wako wenye cheo au heshima na jina la ukoo, ufanye kuwa wa kawaida, kisha uendeshe kazi ya kusasisha maamkizi kwa lazima. Bila hatua hiyo ya mwisho, rekodi za zamani zitabaki na maamkizi ya zamani, kwa sababu maamkizi huhifadhiwa tayari ndani ya kila rekodi.

Sasa majina yanayojirudia, ambako ndiko mifumo mingi ya wafadhili hufia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenye jina moja mara tatu nalo halina tofauti. CiviCRM hutafuta pacha kwa kanuni yenye hadi vipengele vitano. Kila kipengele hupewa uzito, na jumla ikifikia kiwango ulichoweka, rekodi mbili huhesabiwa kuwa mtu mmoja. Kanuni inayotumika wakati wa kuingiza faili, usipoibadilisha, huangalia barua pepe peke yake. Mume na mke wanaotumia anwani moja watageuzwa mtu mmoja. Wafadhili wasio na barua pepe hawatalinganishwa na chochote, watazaliwa upya kila faili linapoingia.

Kanuni inayofanya kazi vizuri pale simu zilipo nyingi kuliko barua pepe ni hii: simu uzito 5, jina la kwanza 5, jina la ukoo 3, kiwango 10. Simu na jina la kwanza vikilingana, ni 10, huyo ni mtu yule yule. Simu na jina la ukoo ni 8 tu, yaani wanandoa au ndugu wanaotumia simu moja wanabaki watu wawili. Majina yote mawili bila simu ni 8 pia, hivyo watu wawili wenye majina ya kawaida hawagongani. Ila safisha namba kwanza ndani ya faili: namba yenye msimbo wa nchi na ile inayoanza na sifuri ni namba mbili tofauti machoni pa mashine. Na ukishaunganisha rekodi mbili, hakuna kitufe cha kurudisha nyuma. Kinachobaki ni nakala rudufu ya hifadhidata, kama ulichukua.

Kuhamisha data ya zamani kuna mpangilio wake. Anza na mashirika, fuata watu binafsi, malizia na michango. Kila mtu apewe kitambulisho cha nje kisichojirudia, hata kama ni namba ya mstari kutoka lahajedwali la zamani, kwa kuwa michango ikija nyuma itamtafuta mwenyewe kwa kitambulisho hicho, si kwa jina. Rekodi ikikutwa tayari ipo, chagua kujaza palipo wazi badala ya kuandika juu. Kuandika juu hufuta anwani mpya kwa anwani ya zamani bila kelele. Jihadhari zaidi na tarehe. Mwanzoni mwa uingizaji unaulizwa mtindo wa tarehe, na ukikosea, 12/05 itaingia kama Desemba 5 badala ya Mei 12. Mfumo hautalalamika, maana zote mbili ni tarehe halali. Kitakachokataliwa ni zile zenye siku kuanzia 13 tu. Kwa hiyo ukiona faili la makosa limejaa tarehe za nusu ya pili ya mwezi, usizirekebishe moja moja. Zilizopita nazo zimeharibika. Rudisha nakala rudufu, anza upya, na mara hii jaribu kwa mistari 20 kwanza.

Ahadi za kutoa kidogo kidogo zina sehemu yake, nayo ni nzuri. Unaandika jumla, idadi ya mafungu na muda kati yao. Kikumbusho cha kwanza, usipobadilisha, huenda siku 5 kabla ya tarehe ya fungu. Tatizo ni la watu: fungu likilipwa benki, mhasibu huliandika kama mchango mpya wa kawaida badala ya kufungua ahadi na kulipokea humo. Pesa zimeonekana, ahadi bado inadai, na mfadhili aliyelipa jana anaandikiwa leo kwamba amechelewa. Hakuna mpangilio wa programu utakaozuia hilo. Mhasibu na kitengo cha mahusiano wakae pamoja wakubaliane nani anapokea mafungu na kupitia ukurasa upi.

Mchango wenye mkono wa mtu wa pili (aliyeishawishi kampuni yake, aliyechangisha kwa marafiki, au anayekumbukwa kwa mchango huo) huandikwa kama sifa ya pembeni, yenye aina zake: kwa heshima ya, kwa kumbukumbu ya, mchango wa kulinganisha wa mwajiri, na nyingine. Hapa CiviCRM inaipita mifumo mingi ya bei ya chini. Angalia mambo mawili tu. Barua ya shukrani humwendea mtoaji wa pesa, siyo mwenye sifa ya pembeni. Huyo mtafute kwa msako wake na umwandikie kivyake, maana mara nyingi ndiye uhusiano wenyewe. Pili, ukitafuta michango na sifa za pembeni kwa pamoja, pesa ile ile hutokea kwenye mistari miwili. Jumla hiyo usimpelekee mhasibu.

Wafadhili wa taasisi ndio udhaifu wake. Ipo sehemu iitwayo CiviGrant, na jina lake huwapoteza wengi: ilitengenezwa kwa ajili ya asasi zinazotoa ruzuku, siyo zinazoomba. Ukijaribu kufuatilia humo maombi yako, utajikuta unageuza maana ya kila kisanduku. Njia nyepesi ni kuandika kila hatua kama shughuli kwenye rekodi ya shirika: barua ya nia, ombi kamili, mkataba, taarifa ya nusu mwaka, taarifa ya mwisho, kila moja na tarehe yake na mhusika. Taarifa ziandikwe siku ile mkataba unaposainiwa, zikiwa na hali ya kupangwa. Mafungu ya fedha yanayotegemea masharti yaache nje ya ahadi mpaka masharti yatimie.

Sarafu pia. Michango ya sarafu mbalimbali hupokelewa bila shida, lakini programu haibadilishi sarafu moja kuwa nyingine. Ripoti hukupa jumla ya kila sarafu peke yake. Ongeza kisanduku chako cha kiwango cha ubadilishaji cha siku ya kupokea, na kingine cha thamani katika sarafu ya vitabu vyenu. Ukisubiri mwisho wa mwaka, kila mtu atakuja na kiwango chake.

Kwa ripoti, inayostahili muda ni LYBUNT, yaani waliotoa mwaka jana na mwaka huu bado. Weka kwanza mwanzo wa mwaka wenu wa fedha kwenye mipangilio, la sivyo mtu aliyetoa juzi ataitwa aliyepotea. Iendeshwe mapema, miezi mitatu kabla ya mwaka kufungwa, kukiwa bado na muda wa kupiga simu. Ikifika mwezi wa mwisho, inakuwa orodha ya majuto.

Barua pepe za pamoja (CiviMail) zinategemea kazi za kupangwa kwenye seva. Fundi asipoweka cron (kiamshi cha kazi hizo kwenye seva), utabofya kutuma, utaambiwa imepangwa, na haitatoka. Kila dakika 5 hadi 15 inatosha. Weka pia kisanduku cha barua cha kupokea zinazorudi, na SPF na DKIM za kikoa chenu (rekodi zinazothibitisha kwamba barua zimetoka kwenu kweli). Kundi unalotaka kulitumia lazima liwekwe alama ya orodha ya barua. Lisipoonekana kwenye kuchagua wapokeaji, sababu karibu kila mara ni hiyo. Aliyefariki awekewe alama siku ile ile habari inapofika, na CiviMail haitamwandikia tena. Jina la kaya (rekodi ya familia kwa pamoja) lakini halijirekebishi: mjane ataendelea kupata bahasha yenye majina mawili mpaka mtu alifungue na kulibadilisha kwa mkono.

Kuhusu usalama, kuwa na data kwenye seva yako hakukufanyi salama zaidi, wala huduma kubwa ya kulipia si ngome. Blackbaud, kampuni kubwa ya programu za wafadhili, ilivamiwa 2020, na mwaka 2023 ilikubali kulipa dola milioni 49.5 kumaliza madai ya majimbo 49 ya Marekani pamoja na Washington, D.C. Katika CiviCRM jukumu hilo linakuwa lenu. Ruhusa ya kufuta michango wapewe watu wawili tu, kumbukumbu za mabadiliko ziwashwe tangu siku ya kwanza, na yale mnayoyasikia kuhusu afya au familia ya mfadhili yasiandikwe kwenye maelezo. Andika kwa kuchukulia kwamba mfadhili mwenyewe anaweza kuomba kuona rekodi yake.

Skrini zake zimejaa visanduku, na mgeni huchoka siku ya kwanza. Kipengele cha kubadilisha maneno kinasaidia kuvipa majina mnayoyatumia ofisini, na vipengele msivyovihitaji vinazimika. Kabla ya kuamua, tovuti ya CiviCRM ina mfumo wa majaribio ulio wazi kwa yeyote. Ingiza mtu mmoja, kampuni yake, mchango wa kampuni wenye sifa ya pembeni kwake, na ahadi ya mafungu manne. Kisha jaribu kutoa barua ya shukrani kwa kila mmoja. Tumia majina ya kubuni, kwa kuwa kila anayeingia pale anaona ulichoandika.