Pipeti, bureti au mizani? Ununue nini kwanza ukitaka kupima ujazo kwa uhakika Dar

Herufi A, alama ya daraja la juu la usahihi, ikichapwa kwenye kioo si ushahidi. Hilo nililijua kwa pipeti kumi za mililita 10, mirija ya kioo ya kuvuta na kutoa kiasi kamili cha kimiminika, nilizonunua mjini kwa ajili ya maabara yetu ndogo. Kila moja ilikuwa na A, ±0.02 na 20 °C, maandishi ya buluu yamenyooka vizuri. Wiki ya pili titresheni, yaani vipimo vya kumimina kemikali moja ndani ya nyingine hadi zimalizane, zikaanza kunisumbua: majibu yanafanana yenyewe kwa yenyewe, lakini yote yako chini. Nikalaumu kemikali, nikalaumu maji, nikamlaumu hata kijana wa zamu, na hilo nilimwomba radhi baadaye. Jioni moja nikaweka kikombe juu ya mizani, nikaanza kupima maji.

Tangu siku hiyo, mwalimu wa kemia kutoka Mbagala au mama wa sabuni ya maji wa Temeke akiniuliza anunue nini, jibu langu la kwanza halihusu kioo.

Ya kwanza: mizani inayosoma hadi 0.01 g

Naam, mizani kwa ajili ya kupima ujazo. Sababu ni kwamba ndiyo inayovikagua vyombo vingine vyote. Mizani ndogo ya kidijitali, ya aina wanayotumia masonara, inayobeba gramu 200 na kusoma hadi mia ya gramu, inatosha kabisa kukagua chombo cha mililita 10 na kuendelea. Nunua pamoja na jiwe lake la gramu 100, maana mizani isiyo na jiwe huna namna ya kuihoji. Chagua inayotumia betri, umeme usije ukakukatikia katikati ya vipimo.

Kazi yenyewe iko hivi. Chukua maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa. Wengi hununua yale ya kuongezea kwenye betri. Soma lebo vizuri usije ukabeba tindikali ya betri, madumu yake yanafanana. Yaache maji chumbani saa nzima pamoja na kipimajoto. Zima feni. Dar kila mtu anaishi chini ya feni, na upepo wake unaichezesha mizani hadi ukadhani ni mbovu. Kisha jaza pipeti, mimina kwenye kikombe chenye mfuniko, andika uzito. Rudia mara kumi.

Pipeti yangu ya kwanza, maji yakiwa nyuzi 29, ilinipa gramu hizi: 9.87, 9.85, 9.88, 9.86, 9.87, 9.86, 9.88, 9.85, 9.87, 9.86. Wastani ni 9.865. Joto la kwetu linayapunguzia maji uzito, na hewa nayo inayanyanyua kidogo, kwa hiyo kwa nyuzi 29 unazidisha gramu kwa 1.0051 ili upate mililita. Nikapata 9.915.

Sasa angalia mambo mawili, usiyachanganye. Mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho vipimo vinatawanyika kuuzunguka wastani, ulikuwa 0.011 g tu. Huo ni uthabiti mzuri: mkono wangu haukuwa na tatizo. Lakini pipeti ya daraja A ya mililita 10 inaruhusiwa kukosea 0.02, na ya daraja B 0.04. Yangu ilikosea 0.085. Ilikuwa inarudia kosa lilelile kwa uaminifu mkubwa, ndiyo maana titresheni zilifanana na zote zikawa si sahihi.

Je, huenda ni bahati mbaya ya vipimo kumi? Hapo ndipo takwimu zinapolipa. Gawa mkengeuko kwa kipeuo cha pili cha kumi, unapata 0.0034. Zidisha kwa 2.262, namba ya jedwali la t kwa vipimo kumi na uhakika wa asilimia 95, unapata kama 0.008. Ujazo wa kweli basi uko kati ya 9.907 na 9.923. Kumi haimo, hata 9.96 ya daraja B haimo. Jedwali hilo limetokana na kazi ya William Sealy Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyoichapisha mwaka 1908 kwa jina la Student. Alikuwa na shida yetu hasa: vipimo vichache na uamuzi wa kufanya.

Mpaka wa mizani hii ni vyombo vidogo. Mikrolita ni sehemu moja ya elfu ya mililita; mikrolita 100 za maji ni gramu 0.1, na hatua ya 0.01 hapo ni asilimia kumi nzima. Kwa kazi hiyo unahitaji mizani ya uchambuzi ya 0.0001 g, ambayo ni gharama ya ngazi nyingine.

Ya pili: pipeti yenye tumbo, alama moja

Kwa kila shilingi unayotoa, hakuna chombo cha kioo kinachokupa usahihi kama huu. Kabla ya kulipa, soma maandishi yote. Ex maana yake imepimwa kwa kile inachotoa, In kwa kile inachobeba. Pipeti unataka Ex. AS ni daraja A inayotoka haraka, hiyo ni nzuri. Kwangua maandishi kwa ukucha. Tazama ncha kwenye mwanga, kwani ncha iliyomeguka kidogo tu inaharibu kila kitu. Tone linalobaki kwenye ncha ya pipeti hii usilipulize, limeshahesabiwa. Nunua na mpira wake wa kuvutia; kunyonya kwa mdomo tuliache kabisa, hata kama ndivyo tulivyofundishwa.

Siku hizi naingia dukani na mizani yangu kwenye mkoba.

“Dada yangu, hii orijino kabisa, angalia A hiyo.”

“Nimeiona, kaka. Nizimie feni kidogo, na unipatie maji.”

Wengine hukasirika. Yule aliyekubali, akasimama pembeni kutazama namba zinavyokuja, ndiye ninayemrudia hadi leo, na kijana wake ameshajifunza kupima mwenyewe.

Ya tatu: bureti ya mililita 50

Bureti ni mrija mrefu wenye mistari na koki chini. Kwa shule, hii haina mjadala, maana mtihani wa vitendo wa kemia umejengwa juu yake. Daraja A inaruhusiwa kosa la 0.05, daraja B 0.10. Mimi kwa shule nashauri B nyingi zilizokaguliwa kuliko A mbili ambazo wanafunzi arobaini watazigombania. Jambo la kuangalia zaidi ni koki. Koki ya teflon haihitaji grisi; ya kioo inahitaji, na ukiisahau ikiwa na sodiamu haidroksaidi itaganda usiifungue tena. Jaza maji hadi sifuri, ifute, iache dakika kumi. Maji yakishuka, irudishe dukani siku hiyohiyo.

Chupa ya ujazo, ile yenye shingo ndefu, inafuata hapohapo kama unatengeneza miyeyusho yako mwenyewe. Ya mililita 100 daraja A ina kosa la 0.10. Kumbuka tu kwamba vyombo hivi vimepimwa kwa nyuzi 20. Kioo cha borosiliketi hakitanuki cha kutisha, kama mililita 0.1 kwa lita moja ukifika nyuzi 30. Maji ndiyo yanayotanuka: lita moja inaongezeka takriban mililita 2.5 katika nyuzi hizo kumi. Usitengeneze myeyusho kwa maji ya moto, wala usiujaze kwenye chumba cha kiyoyozi kisha ukautumie kwenye joto la mchana.

Ya nne: mikropipeti

Hii ni pipeti ya kubonyeza, ya kupimia mikrolita. Ingekuwa maabara ya hospitali ningeipandisha juu. Kwa mtu anayepima sabuni au juisi, ni pesa iliyolala. Ukiihitaji, jua kwamba kwa ya mikrolita 1000 viwango vya kimataifa vya ISO 8655 vinaruhusu kosa la mikrolita 8 na mtawanyiko wa 3. Waombe cheti chenye namba ileile iliyo kwenye mwili wa mikropipeti, kisha uulizie bei ya ncha zake, kwa sababu utazinunua kila mwezi.

Ya tano: silinda ya kupimia

Ya mililita 100 daraja B inakosea hadi 1.0. Hiyo inatosha kwa mama wa sabuni anayepima manukato, haitoshi kwa titresheni. Nunua ya plastiki ngumu: haivunjiki ikianguka sakafuni.

Sirinji ya duka la dawa ipo mwisho, lakini ipo. Ya mililita 10 inaruhusiwa kukosea asilimia 4, yaani 0.4, mara ishirini ya pipeti ya daraja A. Bika, kile kikombe cha maabara, usiihesabu kabisa. Mistari yake ni ya kukadiria, na kosa la asilimia 5 ni la kawaida.

Na programu ya hesabu?

Hapa usitoe pesa. LibreOffice Calc ni ya bure na ina AVERAGE ya wastani na STDEV.S ya mkengeuko sanifu, sawa na Excel. Tumia hiyo yenye S, STDEV.P inagawa kwa idadi yote na kukupa mkengeuko mdogo kuliko ukweli pale vipimo vinapokuwa vichache. Kwenye kikokotoo cha mwanafunzi, tafuta kitufe cha sx, si σx. R, programu ya takwimu, nayo ni ya bure na ina nguvu zaidi, ila nitaipendekeza pale tu daftari lako la vipimo linapozidi kurasa za kawaida. Jambo moja nalisisitiza: usifute kipimo kwa sababu tu hakikupendezi. Kiandike, na uandike pembeni kilichotokea.

Ukitakiwa cheti, kwa mfano na mnunuzi wa bidhaa zako, peleka chombo maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo, ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), Ubungo. Wewe fanya ukaguzi wa nyumbani kwanza, ili usilipie cheti cha chombo kibovu.

Zile pipeti kumi, tisa nilizirudisha na muuzaji akazipokea bila maneno mengi. Moja nilibaki nayo, ile niliyoipima mara kumi. Nimeizungushia karatasi ya gundi juu ya tumbo, imeandikwa 9.915 kwa kalamu nyeusi, na kila titresheni ninayoifanya nayo hesabu zinaanza na namba hiyo.