Nani aliitoa santuri hii? Discogs na 45cat kwenye mizani ya lebo ndogo za muziki wa soul

Chukua santuri ya inchi 7, ya Marekani, ya kati ya miaka ya 1960. Kibandiko ni cha rangi moja, jina la lebo hata wauzaji wakongwe hawalitambui, na msanii alirekodi nyimbo mbili akapotea. Mji haukuandikwa, wala mwaka. Kuna majina mawili ya watunzi, jina la mchapishaji wa muziki (kampuni inayosimamia haki za utunzi, si kiwanda cha santuri), herufi BMI, yaani shirika linalowakusanyia watunzi mirabaha, na namba ya katalogi 101, yaani hii ndiyo ya kwanza na huenda ndiyo ya mwisho. Lebo za namna hii zilikuwa nyingi mno. Mtu alikodi studio kwa saa chache, akalipia nakala mia kadhaa kiwandani, akazipakia kwenye buti la gari na kuanza kubisha hodi kwenye vituo vya redio.

Anayetaka kujua lebo hiyo ilikuwa ya nani, wapi na lini, kwa kawaida huanzia Discogs, tovuti ambamo watu wa kawaida huorodhesha santuri. Wachache huanzia 45cat, tovuti nyingine ya aina hiyo. Kuzisoma zote mbili ni bure. Hukumu tuitoe mapema: Discogs ni faharasa isiyo na mpinzani na ni shahidi dhaifu. Imenakili karibu kila kilichoandikwa juu ya santuri, ila haina namna ya kujua kama kilichoandikwa ni kweli.

Discogs ilianzishwa mwaka 2000 na Kevin Lewandowski huko Oregon, mwanzoni kwa muziki wa elektroniki tu. Kila santuri hupangwa chini ya jina la lebo, na majina yanapofanana, tovuti huyatenganisha kwa namba ndani ya mabano: (2), (3), na kuendelea. Kwa soul mpango huu una shida, kwa sababu wenye lebo ndogo walipenda maneno yaleyale. Kampuni kubwa ya Motown ya Detroit yenyewe ilikuwa na tawi lililoitwa Soul tu, lililoanza mwaka 1964. Jaribu kulitafuta jina hilo uone unavyozama. Mchangiaji akikosea namba ya mabano, santuri ya Ohio inalala kwenye ukurasa wa lebo ya Texas, na hapo itakaa miaka bila kuulizwa. Kwa hiyo usiridhike na ukurasa wa kwanza. Fungua kila jina linalofanana, kisha linganisha picha: umbo la herufi, rangi, na zaidi ya yote jina la mchapishaji wa muziki. Lebo mbili zenye jina moja na wachapishaji tofauti zihesabu kuwa ni watu wawili mpaka uthibitishe vinginevyo.

Faida halisi ya Discogs iko mahali ambapo mnunuzi wa kawaida haangalii: ule ukanda mtupu kati ya mwisho wa mtaro na kibandiko. Humo ndimo kiwanda kilimoandika mambo yake, na kiwanda hakikuwa na sababu ya kujipamba. Discogs ina sehemu maalumu ya maandishi hayo, Matrix / Runout, na ndiyo sehemu ya kuisoma kabla ya nyingine yoyote.

Kuyasoma kwenye nakala yako kunataka subira. Punguza mwanga wa chumba, laza tochi ya simu karibu sawasawa na uso wa santuri, kisha izungushe santuri polepole. Mikwaruzo ya mkono na mihuri ya mashine itajitokeza kwa kivuli chake. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha. Nakili kila alama kwa mpangilio wake, hata zilizokatwa kwa mstari, na utaje ipi imechongwa kwa mkono na ipi imegongwa kwa mashine. Pande zote mbili.

Ukikuta TK4M ikifuatiwa na tarakimu, una bahati. Huo ni mfumo wa idara ya kampuni ya RCA iliyowatengenezea santuri wateja wa nje, na herufi ya kwanza ni mwaka: R ni 1964, S ni 1965, T ni 1966, U ni 1967, W ni 1968, X ni 1969. V ilirukwa. Zama za kabla yake mpangilio ulikuwa mwingine. L8OW ni 1960, M8OW ni 1961, N8OW ni 1962. Kumbuka tu kwamba huo ni mwaka wa kuandaa bamba la kugongea santuri. Kazi iliyopelekwa RCA mwezi Desemba 1966 inabeba T hata kama redio ziliipata Februari.

Pembetatu ndogo yenye namba mbele yake ni ya kiwanda cha Monarch, Los Angeles, na upande wa pili huwa na namba hiyohiyo iliyoongezwa -X. Hapa hakuna herufi ya mwaka, ila namba zilipanda kwa mfululizo, na Monarch iliyachapia pia makampuni makubwa. Basi tafuta majirani. Tuseme tarakimu zako zinaishia na 40: tafuta 38, 39, 41, 42, endelea kupanua pande zote hadi uangukie nyimbo zilizoingia kwenye chati za gazeti la Billboard. Ukipata moja chini na moja juu, zote zina tarehe, yako imebanwa katikati, mara nyingi kwa nafasi ya wiki chache. Hakuna chombo kingine kinachofanya kazi hii kwa wepesi kama Discogs. Kero yake ni kwamba kila mchangiaji huandika pembetatu kivyake: mmoja huweka alama ya Kigiriki, mwingine herufi D, mwingine neno zima Delta. Tafuta kwa tarakimu tupu, kisha rudia ukiwa umeweka kistari na ukiwa umekiondoa.

Kampuni ya Rite, kiwanda cha Cincinnati, inafurahisha zaidi, kwa sababu haikuandika namba ya kazi peke yake. Iliweka pia namba ya mteja, inayoanza na CP. Lebo mbili zenye majina tofauti na CP moja zililipiwa kupitia akaunti moja. Santuri ya kwaya ya kanisa iliyoandikwa anwani kamili inaweza kukufikisha kwa mwenye lebo ya soul isiyo na anwani.

Sasa tahadhari, maana hapa ndipo wengi huteleza: mji wa kiwanda si mji wa lebo. Muhuri wa Nashville Matrix, kampuni iliyoandaa bamba, hukutana nao kwenye santuri zilizorekodiwa mbali kabisa na Nashville, kwa kuwa wenye lebo wa kusini nzima walipeleka kazi zao huko. ARP ni American Record Pressing ya Owosso, Michigan, iliyoichapia Motown lakini pia lebo ya Vee-Jay ya Chicago. Kiwanda hicho kiliungua mwaka 1972, kwa hiyo nakala yenye alama yake haiwezi kuwa ya baada ya hapo. Na pembetatu ya Monarch kwenye lebo ya Detroit haiihamishii lebo hiyo California. Mara nyingi inaonyesha kwamba wimbo ulianza kuuzika, msambazaji wa pwani ya magharibi akataka nakala zake, na tarehe uliyoibana kwa majirani ni ya toleo hilo, si ya toleo la kwanza la nyumbani. Kurasa nyingi za Discogs zimechanganya matoleo haya mawili na kuyapa mwaka mmoja.

Kibandiko nacho kina ya kwake. Kama kuna anwani, angalia posta. Tarakimu moja au mbili baada ya jina la mji, kwa mfano Chicago 16, ni mfumo wa kanda za posta ulioanza 1943. Tarakimu tano ni mfumo ulioanza tarehe 1 Julai 1963. Watu waliendelea kutumia karatasi za zamani, hivyo tarakimu tano zinathibitisha jambo na tarakimu mbili zinadokeza tu. Alama ya P ndani ya duara inamaanisha baada ya tarehe 15 Februari 1972, sheria ya shirikisho ilipoanza kulinda rekodi za sauti. Ukiiona kwenye santuri inayodaiwa kuwa ya 1966, uliyonayo ni toleo la baadaye.

45cat ni tovuti ya namna nyingine, iliyojikita kwenye santuri za inchi 7. Orodha ya lebo hufuata namba za katalogi, kwa hiyo pengo linaonekana mara moja: 101, 102, 104. Huenda 103 haikutoka, huenda haijapatikana, na kulijua pengo ni nusu ya kazi. Uzuri wake mkubwa ni maoni chini ya kila santuri. Hapo utamkuta mpiga besi wa bendi, mpwa wa mwimbaji, mtangazaji mstaafu anayekumbuka nani alileta nakala kituoni. Hayo ni masimulizi na yapimwe kama masimulizi, lakini mara nyingi ndipo jina la mji hutajwa kwa mara ya kwanza. Udhaifu wake ni maandishi ya ukanda mtupu: mara nyingi hayapo, au yametupwa ndani ya maelezo ambamo huwezi kuyasaka.

Kuna mtego unaozihusu tovuti zote mbili. Zikikubaliana kuhusu mwaka, usizihesabu kuwa mashahidi wawili. Wachangiaji wanazisoma zote, na mwaka uliokisiwa huku hunakiliwa kule, kisha hurudi ukiwa umevaa kanzu ya uhakika. Uliza mwaka umetoka wapi. Kama historia ya mabadiliko ya ukurasa wa Discogs haisemi, chukulia ni kisio.

Pale zinapokoma, kinachokutoa ni jina la mchapishaji wa muziki. Ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilitoa katalogi za usajili, na juzuu za muziki zilizochapwa kila nusu mwaka zinasomeka bure kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Tafuta jina la wimbo, si la msanii. Utakuta watunzi, mwenye haki, siku, mwezi na mwaka, na namba inayoanza na EU kama utunzi haukuwa umechapishwa, au EP kama ulichapishwa. Mara nyingi watunzi huwekwa kwa majina yao kamili, wakati kibandiko kina jina la ukoo tu. Usivunjike moyo usipokuta kitu: kabla ya 1978 ofisi ilitaka noti zilizoandikwa, haikupokea kanda za sauti kwa utunzi wa muziki, na wengi hawakuwa na mtu wa kuwaandikia noti. Baada ya hapo nenda Songview, hifadhidata ya pamoja ya BMI na ASCAP, shirika jingine la mirabaha ya watunzi. Inafaa sana kwa majina ya watunzi, na inapotosha kwa wachapishaji, kwa kuwa humwonyesha mwenye haki wa leo, na haki zimeuzwa mara nyingi tangu 1967.

Magazeti ya biashara yapitie kwa haraka, ila ujue shimo moja: Billboard haikutoa chati ya R&B kuanzia mwisho wa Novemba 1963 hadi Januari 1965. Kwa miezi hiyo fungua gazeti jingine, Cash Box.

Kipimo kizuri cha kazi yote ni Capsoul, kwa sababu jibu lake linajulikana. Ilikuwa lebo ya Bill Moss, mtangazaji wa redio wa Columbus, Ohio, na jina lake ni kifupi cha soul ya mji mkuu, Columbus ukiwa makao makuu ya jimbo. Ukiiangalia Discogs leo, ukurasa wake umenyooka: Marion Black, Four Mints, Johnson, Hawkins, Tatum & Durr, kila mmoja mahali pake. Lakini unyoofu huo haukutokana na kusoma vibandiko peke yake. Numero Group ya Chicago, kampuni inayotoa upya rekodi za zamani, ilimtafuta Moss mwenyewe, ikakusanya rekodi zake na kuzitoa mwaka 2004 kama toleo lake la kwanza. Lebo ambayo hakuna aliyeifanyia kazi kama hiyo bado ni orodha yenye mashimo.

Mwisho, bandia. Wapenzi wa soul wa kaskazini mwa Uingereza walilipa pesa nyingi kwa nyimbo ambazo Marekani ilizisahau, na mahitaji hayo yakazaa nakala za wizi tangu miaka ya 1970. Ma-DJ nao walifunika vibandiko na kubuni majina ya wasanii ili wenzao wasizipate, na baadhi ya majina hayo ya uongo yanaishi hadi leo. Santuri moja ya Frank Wilson ya mwaka 1965, iliyotoka kwenye lebo ileile ya Soul, iliuzwa kwa pauni 100,000 mwaka 2020. Ukiwa na bei kama hizo, kibandiko kinaigwa hadi kivuli cha wino. Kinachowashinda waigaji ni ukanda mtupu. Muhuri wa mashine unakuwa mchoro wa mkono, msimbo wa RCA haupo, au nafasi kati ya herufi si ile.

Discogs hujitahidi kuzitenga nakala hizo na kuzipa kurasa zake, lakini takwimu za bei kwenye ukurasa wa nakala halisi hutegemea muuzaji kuchagua ukurasa sahihi, na wauzaji hawachagui sahihi kila mara. Bei ya kati iliyo chini isivyo kawaida kwa santuri adimu ni dalili kwamba bandia zimepenyezwa humo. Mwombe muuzaji picha ya ukanda mtupu wa pande zote mbili, mwanga ukiwa umelazwa. Akileta picha ya kibandiko kwa mara ya tatu, lipa bei ya nakala ya kuigwa au achana naye.