Mashine imeganda, wao wananiuliza "mbona inawaka?"

Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota nne hawa jamaa wanaotukodishia mashine pepe, yaani kompyuta zinazoendeshwa kama programu ndani ya seva zao. Nne, tena kwa moyo mweupe, kwa jambo moja tu: wanakuachia uwashe na kuzima mashine zako mwenyewe kwa amri, kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye seva ya mbali kwa maandishi, bila ule ukurasa wao mzito usiofunguka. Mimi niko Mombasa, seva ziko Nairobi. Chombo chenyewe ni virsh, programu ya kuamuru mashine pepe. Naandika virsh list --all, naziona zote, zinazowaka na zilizozimwa. Naandika virsh start, inaamka. Kuna siku niliiwasha moja kwa simu nikiwa ndani ya feri ya Likoni, mtandao wenyewe wa kubahatisha, na hatujafika ng'ambo mashine ishapanda. Maandishi matupu hayali bando. Hapo nawasifu.

Sasa njoo uone ya juzi, mwisho wa mwezi.

Ofisi ninayoihudumia ni ya mawakala wa forodha, kule karibu na bandari. Mashine pepe ya hesabu zao ikaganda, haijibu hata ping, ile hodi ya mtandaoni. Nikatoa virsh shutdown. Nikajibiwa kwa adabu zote kwamba inazimwa. Nikasubiri, nikaangalia: ingali inawaka. Nikarudia, vilevile. Anayezijua hashangai, kwa sababu shutdown haizimi, inaomba tu. Inatuma ishara ya ACPI, kama umebonyeza kitufe cha umeme, na mfumo ulio ndani ndio unaotakiwa kuitika. Mfumo ulioganda utaitika na nini? Dawa hapo ni virsh destroy: umeme unakatwa papo hapo, diski haiguswi. Na hiyo ndiyo amri waliyotufungia wateja! Mpaka upige simu.

Nikapiga. Kijana akaniacha na muziki wao mpaka sikio likapata moto, kisha: "Mzee, mbona hapa kwetu inaonyesha inawaka?"

Inawaka, ndiyo! Inawaka kama taa ya nyumba iliyohamwa! Nikamwambia aikate. "Jaribu kwanza shutdown, mzee." Nishajaribu. "Jaribu tena, labda unaikosea kuandika." Mimi! Nimeanza kuzima seva kwa amri yeye bado anavaa kaptula za shule, leo ananisahihisha tahajia. Huku karani ananikodolea macho, dereva wa lori mlangoni anauliza makaratasi yake.

Haya, tusiwaonee. Kukata umeme ghafla kunaweza kuharibu hifadhidata, na mteja akijiharibia lawama zitawarudia wao. Hofu yao naielewa. Lakini basi wekeni mtu wa kuikata upesi nikiomba, au mniachie virsh reset peke yake, ile ya kuiwasha upya kwa nguvu, ningeshukuru. Huwezi kumnyima mtu ufunguo halafu umkalishe kwenye simu umkejeli.

Alasiri nikapokewa na dada mwingine. Hakuniuliza swali la pili. Akaikata, nikaiwasha mwenyewe, ikapanda salama na data yote ndani. Kumbe inawezekana! Badala ya kupoa, hapo ndipo nilipozidi kuchemka.

Nyota mbili. Moja ya virsh, ambayo hata si yao, ni programu huria inayopatikana bure. Nyingine ya yule dada. Ukihesabu vizuri, kampuni yenyewe haijapata kitu. Na tungali nao, kwa sababu bosi anasema bei yao ni nzuri.