Uzoefu Wangu: Treni ya Usiku kutoka Hanoi hadi Da Nang

Tangu nihamie Kuala Lumpur kikazi, likizo zangu nyingi nimezitumia kuzunguka nchi za jirani, kwa kuwa kutoka hapa mtu hufika Bangkok au Hanoi kwa ndege ya bei nafuu baada ya saa chache tu. Katika treni za kulala nilizopanda pande hizi, ninayoulizwa zaidi na Watanzania wenzangu ni ile ya Vietnam inayotoka Hanoi kwenda kusini, na ndiyo ninayoieleza hapa. Kwa maoni yangu inastahili nyota nne kati ya tano. Karibu tatu kati ya hizo inazipata katika kipande kifupi baina ya miji ya Hue na Da Nang, na ndiyo maana nasisitiza kwamba ratiba ichaguliwe kwa uangalifu kuliko behewa.

Nianze na visa, kwa sababu hapo ndipo wenye pasipoti zetu hukata tamaa mapema. Tangu tarehe 15 Agosti 2023, Vietnam inatoa visa ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, ya hadi siku 90, kwa ada ya dola 25 kwa anayeingia mara moja na dola 50 kwa anayetaka kuingia na kutoka zaidi ya mara moja. Fomu inauliza utaingilia wapi na utatokea wapi, kwa hiyo anayeshuka Hanoi na kurudi nyumbani kupitia Da Nang aandike viwanja vyote viwili tangu mwanzo. Jina nalo liandikwe kama lilivyo katika pasipoti, majina yote matatu, hata kama fomu inaonekana kuyaonea uvivu.

Reli yenyewe ina urefu wa kilomita 1,726, kutoka Hanoi hadi Jiji la Ho Chi Minh, na ilikamilika mwaka 1936 chini ya utawala wa Wafaransa. Nchi ilipogawanywa mwaka 1954 njia ikakatika, na baada ya vita kwisha mwaka 1975 ikakarabatiwa hadi treni zikaanza tena kupita kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mwishoni mwa mwaka 1976. Ni reli ya geji ya mita moja, sawa na reli yetu ya kati ya zamani na ile ya Mombasa kwenda Kampala, na aliyewahi kulala katika treni ya Kigoma atautambua mwendo wake mara tu taa zinapozimwa: behewa linayumba, linatulia, kisha linayumba tena. Kilomita 791 za kufika Da Nang huchukua saa kumi na sita au kumi na saba. Mwenye haraka apande ndege.

Kuna viti vya kawaida, kuna vyumba vya vitanda sita, na kuna vyumba vya vitanda vinne vyenye godoro lililo nene kidogo. Katika vyumba vya vitanda sita, anayelala juu kabisa hawezi hata kuketi wima, kwa hiyo siwashauri watu wazima kujaribu. Kitanda cha chini katika chumba cha vitanda vinne nililipia karibu dong milioni moja, takriban dola 40, na ni fedha niliyoona thamani yake, ingawa ifahamike kwamba ikifika asubuhi kitanda hicho hugeuka benchi la chumba kizima. Bibi mmoja aliyelala juu yangu alishuka alfajiri, akaketi miguuni pangu bila kuomba ruhusa, akamenya balungi moja kubwa na kutugawia sote vipande vilivyotolewa hata ile ngozi nyembamba ya ndani. Hatukuwa na lugha ya pamoja, lakini kila nilipomaliza kipande aliniongezea kingine.

Vyumba havigawanywi kwa jinsia. Nchini Thailand baadhi ya treni za usiku zina behewa la wanawake peke yao, jambo ambalo sisi tunaosafiri bila mwenzi hulithamini sana. Katika treni hii sikuona behewa la namna hiyo, na mwanamke anaweza kujikuta na wanaume watatu asiowajua. Mimi sikupata usumbufu wowote, ila nililala na ushungi na pochi yangu chini ya mto. Anayetaka utulivu kamili, na akiwa na wenzake, ni afadhali wakate tiketi za chumba kizima.

Sasa kuhusu mabehewa ya kampuni binafsi. Yapo kadhaa, yenye kuta za mbao zilizong'arishwa, taa za kusomea, biskuti na chupa ya maji, na matangazo yake ndiyo yanayomfikia mgeni kwanza. Nimelala katika hayo na katika ya kawaida, na sioni sababu ya kulipa karibu mara mbili. Mabehewa hayo huunganishwa katika treni ileile, yanavutwa na injini ileile na kufika wakati uleule. Isitoshe, wakala wa mtandaoni aliyeniuzia nafasi hiyo alipokea malipo ya kitanda cha chini akaniletea tiketi ya kitanda cha juu, na barua pepe zangu za kudai tofauti ya nauli hazikujibiwa hadi leo. Tangu hapo nanunua dirishani katika stesheni ya Hanoi, nikiwa na pasipoti mkononi, na tiketi naisoma mstari kwa mstari kabla ya kuondoka pale. Noti nazo zitazamwe vizuri, kwani ile ya dong 20,000 na ile ya dong 500,000 zote ni za buluu, na wakati wa haraka masifuri hayahesabiki.

Kwa Mwislamu, chakula kinahitaji maandalizi. Toroli hupita na wali, mboga za kuchemsha na nyama ambayo mara nyingi ni ya nguruwe, pamoja na mayai ya kuchemsha na kahawa nzito. Mwishoni mwa behewa kuna maji ya moto, hivyo mimi hubeba tambi za kuloweka zenye alama ya halali kutoka Malaysia, tende na majani ya chai. Mjini Hanoi upo msikiti mmoja tu, wa Al-Noor katika mtaa wa Hang Luoc, uliojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi katika karne ya 19, na unafaa kwa sala kabla ya kwenda stesheni. Choo cha treni kinavumilika usiku. Kufikia asubuhi, nenda na karatasi zako.

Baada ya Hue ndipo safari inapoanza kweli. Treni inapita kando ya wangwa wa Lang Co, kisha inaanza kuuzunguka mlima wa Hai Van. Magari mengi siku hizi hupita ndani ya handaki la barabara lililofunguliwa mwaka 2005, lakini reli imebaki palepale ilipokuwa, imening'inia ubavuni mwa mlima, upande mmoja msitu unaogusa vioo na upande mwingine mteremko unaoishia kwenye mawe na bahari. Magurudumu yanalia katika kila kona, na kona nyingine ni kali kiasi kwamba kutoka dirishani kwako unaiona injini ikiingia kwenye handaki dogo huku wewe bado uko juani. Ukielekea kusini bahari iko kushoto. Hata hivyo tiketi haikuhakikishii dirisha la upande huo, kwa sababu chumba chako kinaweza kuangukia upande wa mlima na korido upande wa maji. Ikiwa hivyo, toka mapema ukasimame koridoni, maana wenyeji wanaojua nao hutoka.

Ndiyo maana nasema mtu achague treni inayoondoka Hanoi jioni na kufika Hue kesho yake asubuhi au kabla ya adhuhuri. Inayopita Hai Van usiku ni kulipia giza. Tangu Machi 2024 ipo pia treni ya watalii inayokwenda baina ya Hue na Da Nang peke yake, na asiyetaka kulala safarini anaweza kukitazama kipande hicho tu kwa gharama ndogo zaidi.

Wakati wa Tet, mwaka mpya wao, usitegemee kupata kitanda bila kukata tiketi mapema sana. Na wanaokwenda mji wa Hoi An wajue kwamba reli haifiki huko: mnashuka Da Nang na kuchukua teksi ya programu ya simu kwa kilomita 30 hivi zilizobaki, na bei mnaiona kabla ya kupanda.