TAHADHARI: Hoteli ya Moshi imenikata kwa euro bila kuniuliza, mnaokuja na kadi za nje someni

Ndugu zangu wote mnaorudi nyumbani Desemba na kadi za benki za huko nje, naomba msome hii kabla hamjatoa kadi kwenye pochi. Nimepigwa. Nimepigwa mchana kweupe, mama yangu amesimama pembeni, kwenye hoteli ya hapahapa Moshi mjini, na mtu aliyetuamkia kwa heshima zote.

Tulikuwa na send-off ya mdogo wangu. Wageni wa Tanga nililaza mimi na bili ilikuwa yangu. Asubuhi ya kuondoka Coaster ilishawashwa, wazee wamekaa ndani na mizigo mapajani, dereva anapiga honi. Dada wa mapokezi akanipa bili: shilingi 2,610,000. Bei ileile tuliyokubaliana, imeandikwa kwa shilingi kama inavyotakiwa tangu zile kanuni za 2025 zilizokataza bei za humu ndani kuwekwa kwa fedha za kigeni. Nikampa kadi yangu ya Ujerumani.

Akaichomeka. Nilikuwa namwangalia, sikuwa kwenye simu. Mashine ameishika mkononi, kioo kinamtazama yeye. Ikalia, akabonyeza. Ikalia tena, akabonyeza tena. Ndipo akanigeuzia, kidole gumba kimelala juu ya kioo, akasema, "Weka namba ya siri, dada yangu." Nikaweka. Karatasi ikatoka, akaichana, akaikunja mara mbili, akaibana nyuma ya bili kwa pini. Halafu anatabasamu: "Nimekuwekea kwa euro kabisa, usije ukahangaika na mahesabu ukirudi huko." Nikamshukuru! Na elfu kumi ya soda nikamwachia juu ya kaunta. Nikikumbuka ile elfu kumi nasikia mwili unachemka.

Na msianze kuniambia "ulimwaminije". Huyu binti alimsalimia mama kwa Kimachame. Tangu wageni wafike yeye ndiye aliyekuwa anawapelekea wazee maji ya moto ya kuoga bila kuombwa. Bili yenyewe nimeikagua mstari kwa mstari, haikuongezwa hata chupa moja ya maji. Sisi wote tumezoea kwamba mwizi wa hotelini anachomeka bia ambazo hukunywa. Nani anategemea wizi ufanyike kwenye bei iliyo sahihi? Na mtu anayelipwa mshahara kwa euro akisikia amekatwa kwa euro, atashtukia nini hapo?

Wageni wameshaondoka, nafungua programu ya benki kwenye simu: euro 966.67. Nikafungua ile karatasi. Wamenihesabia euro moja kwa shilingi 2,700, wakati siku hiyo ilikuwa inacheza kwenye 2,900. Kama angekata shilingi tu, Visa au Mastercard wenyewe ndio hubadilisha, kwa kiwango kilicho karibu sana na cha soko, ningekatwa kama euro 900. Zaidi ya euro 66 zimeyeyuka, karibu shilingi 193,000. Hela ya mbuzi wa ndafu hiyo, jamani! Na benki yangu bado imekata ada yake ya muamala wa nje ya nchi, maana mfanyabiashara yuko Tanzania, ilipwe euro isilipwe euro.

Lakini kilichonitoa machozi ni maandishi ya chini kwenye risiti, madogo kama chawa, ya Kiingereza. Yanasema mimi mwenye kadi nilipewa nafasi ya kuchagua fedha ya kulipia, nikachagua euro, na uamuzi wangu ni wa mwisho. Nilipewa na nani? Saa ngapi? Ule mlio wa kwanza wa mashine ndio ulikuwa swali langu mimi, na yeye akalijibu kwa niaba yangu!

Nilirudi. Meneja ananiambia mashine inafanya yenyewe. Uongo mtupu. Visa na Mastercard wanataka mwenye kadi aulizwe, aonyeshwe kiasi kwa fedha zote mbili pamoja na kiwango, na achague mwenyewe. Nilipombana akabadilisha maneno: "Ulishaweka namba ya siri, ulikubali." Huwezi kusema mashine imeamua halafu useme nimeamua mimi. Wanajua wanachofanya, kwa sababu faida ya kile kiwango kibovu inagawanywa: kampuni inayobadilisha fedha, benki yenye mashine, na mara nyingi mwenye biashara naye anapewa fungu lake.

Wanyang'anywe mashine, basi. Nimeshaandika kwa benki yangu kupinga muamala na picha ya risiti nimeambatanisha. Nawapelekea na Tume ya Ushindani, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja, na Benki Kuu nao waiulize ile benki inawafundisha nini wenye mashine zake. Yule binti sitaki afukuzwe peke yake halafu meneja abaki anakunywa chai. Aanze meneja.

Kwa hiyo mashine ishikeni wenyewe, muone kioo. Ikitokea euro, pauni au dola, kataeni, mseme shilingi. Kama ameshabonyeza, msitoke kaunta: afute muamala, aanze upya kwa shilingi, inawezekana palepale, asiwadanganye. Hata zile mashine za kutolea pesa, Moshi na Arusha, zikiwauliza kama mnataka ziwabadilishie, kataeni. Watu wanaogopa kwamba ukikataa hela hazitoki. Zinatoka. Na risiti msitupe.

Jina la hoteli siliweki hapa mpaka malalamiko yajibiwe. Ila mwenye shughuli Moshi mwezi huu na anatafuta pa kulaza wageni, aniandikie pembeni nimwambie ni ipi.